Mimba zinazopotea kimya: jibu kwa mwanafunzi anayetaka kuwa mtafiti wa uzazi wa mifugo

Swali: Shikamoo Daktari. Namalizia shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama na natamani kuwa mtafiti wa uzazi wa mifugo. Kila ninayemwuliza ana lake. Mmoja anasema siku hizi ni vinasaba na maabara tupu, mwingine anasema nitaishia kukesha zizini nikichungulia mikia. Juzi mwenzangu akaniuliza swali likanishinda: kama watu wamekuwa wakihimilisha mifugo, yaani kumwekea jike mbegu kwa mkono bila kupandwa na dume, kwa zaidi ya miaka mia moja, mbona mpaka leo ng'ombe anahimilishwa mara mbili, mara tatu, ndipo ashike? Naomba unieleze kazi hii ikoje kwa kweli, na mtu aanzie wapi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali la mwenzako umelichomeka kama jambo la pembeni, lakini mimi nitaanza nalo. Ukishajua kwa nini ng'ombe aliyehimilishwa vizuri bado anarudia joto, yaani anataka tena kupandwa, utajua pia mtafiti wa fani hii anaamkia nini kila siku.

Chukua ng'ombe 100 wazima, waliohimilishwa saa inayofaa, kwa mbegu nzuri, na mtu anayeijua kazi yake. Mayai yapata 90 yatarutubishwa. Rudi miezi tisa baadaye kuhesabu ndama: utakuta 55 hivi, na kama ni ng'ombe wanaokamuliwa maziwa mengi, huenda ukaambulia 40. Waliobaki wamekwenda wapi? Wachache wametupa mimba waziwazi, na hao ndio wanaomtia mfugaji hofu. Walio wengi wamepotea ndani ya siku 16 au 17 za kwanza, kabla hata ya siku ambayo ng'ombe angerudia joto. Mfugaji anamwona ng'ombe amerudia joto siku ya 21, anaandika "hakushika". Kumbe alishika, akapoteza. Zizini mambo hayo mawili yana jina moja, na ndiyo maana yalichukua muda mrefu kutenganishwa.

Mjibu mwenzako hivi: uhimilishaji ulitatua tatizo la kuifikisha mbegu. Tatizo la kiinitete, yaani mimba ikiwa bado changa kabisa, kuishi lilibaki palepale, na ndilo lililotupa kazi wengi wetu.

Tukio la siku ya 16 nataka ulishike barabara, kwa sababu sijaona jambo zuri zaidi katika fani hii. Yai likishatoka kwenye ovari, mahali lilipotoka hubaki kivimbe cha manjano kinachotengeneza projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba. Mji wa mimba nao una saa yake. Usipopata habari za mgeni kufikia siku ya 16 au 17, unatoa homoni iitwayo prostaglandini, kivimbe kinasinyaa, projesteroni inashuka, na ng'ombe anaanza mzunguko upya. Kiinitete hakina budi kupiga hodi kabla ya hapo. Hodi yake ni protini iitwayo interferoni tau, na kadiri kiinitete kinavyorefuka ndivyo kinavyoitoa kwa wingi. Kilichodumaa, hata kama hakina kasoro nyingine, hodi yake ni ya chini mno au inachelewa, na mlango unafungwa. Hakuna homa, hakuna damu, hakuna cha kumwonyesha daktari.

Jambo hilo lilijulikana kwa vipande. Katika miaka ya 1960, huko Cambridge, Moor na Rowson walichukua viinitete vya kondoo wakavipandikiza kwa majike wasio na mimba, kila kundi siku yake ya mzunguko. Jike aliyewekewa kufikia siku ya 12 aliweza kubeba mimba. Aliyewekewa siku moja au mbili baadaye alikuwa amekwisha kuchelewa. Ni jaribio ambalo ungeweza kumweleza mtoto, na hata hivyo lilionyesha saa hasa ambayo kwa kondoo hodi lazima isikike. Lakini hodi yenyewe ni nini? Ilibidi kungoja hadi 1987 ndipo ikatambuliwa kwamba protini inayotolewa na kiinitete cha kondoo ni ndugu wa interferoni, kundi ambalo watu walilijua kwa kazi ya kupambana na virusi tu. Walioibua swali na waliolipatia jina hawakuwa watu walewale, wala hawakuwa maabara moja. Kama wewe ni mtu wa kutaka kuona mwisho wa kila jambo unaloanza, fikiria hapo kabla hujajaza fomu yoyote.

Usidhani kila mnyama anafuata utaratibu huo, maana nguruwe hutumia homoni za estrojeni zinazotolewa na viinitete vyenyewe, na kiinitete cha farasi huzungukazunguka ndani ya mji wa mimba kwa siku kadhaa kama askari wa doria, kikijulisha kila pembe kwamba kipo. Ukichagua mnyama wa kusoma, umechagua na biolojia yake, na majibu ya ng'ombe huwezi kumvisha farasi.

Turudi kwa wale wawili uliowauliza. Kila mmoja amekupa nusu.

Nusu ya maabara inaanzia machinjioni. Unapokea ovari, unazibeba kwenye themosi yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, unanyonya mayai kwa sindano kutoka kwenye vifuko vya milimita 2 hadi 8. Unayaacha yakomae saa 22 hadi 24 ndani ya kabati la joto, unayakutanisha na mbegu, kisha unavilea viinitete hadi siku ya 7. Kwa mayai 100, ukipata viinitete 30 hadi 40 vya kufaa kupandikizwa, umefanya kazi ya kusifiwa. Ndama wa kwanza wa ng'ombe aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili alizaliwa 1981 nchini Marekani, kwa hiyo njia hii si mpya tena. Jambo ambalo vitabu havikwambii ni kwamba mayai hayana wikiendi. Ovari za Ijumaa zinakupeleka maabara Jumamosi kuweka mbegu, na Jumapili kuvihamishia viinitete kwenye kimiminika kingine. Nimekosa harusi nyingi kwa sababu ya ovari za Ijumaa.

Nusu ya zizini wengi wanaidharau, na hapo ndipo utafiti mwingi unapofia. Ng'ombe wa maziwa mengi anaweza kusimama na kukubali kupandwa na wenzake kwa saa chache tu, mara nyingi usiku wakati hakuna mtu. Yai hutoka takriban saa 28 baada ya joto kuanza. Ndiyo asili ya ile kanuni ya asubuhi na jioni iliyotokana na kazi ya Trimberger huko Nebraska katika miaka ya 1940: anayeonekana joto asubuhi ahimilishwe jioni, anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Lakini kanuni hiyo inadai kwanza aonekane. Ukiwaona nusu tu ya walioingia joto, na kati ya waliohimilishwa wakashika 40 kwa 100, basi kila siku 21 wanaopata mimba ni 20 kwa kila 100 waliokuwa tayari. Unaweza kuhangaika na homoni na vinasaba miaka kumi ukaongeza hiyo 40 iwe 44. Mtu mmoja makini mwenye daftari anaweza kukuongezea hiyo nusu ikawa robo tatu.

Neno daftari linanikumbusha shamba moja, sitalitaja, ambako nilifanyia kazi yangu ya mwanzo. Kumbukumbu zilikuwa nadhifu, mwandiko wa kupendeza. Nilipokaa kuzichambua nikakuta karibu ng'ombe wote wa shamba lile huingia joto siku ya Ijumaa. Kwa muda mfupi wa furaha nilidhani nimegundua kitu. Kisha nikamwuliza mhudumu, naye akanijibu bila wasiwasi kwamba Ijumaa ndiyo siku ya kujaza daftari. Kazi ya miezi mingi ikaenda na maji. Sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kumweleza kwa nini siku ile ina maana.

Kwa sababu ya udhaifu huo wa macho, watu walitafuta njia ya kulikwepa joto lenyewe. Mwaka 1995 Pursley, Mee na Wiltbank wa Wisconsin walichapisha ratiba ya sindano tatu: homoni ya kuamsha wimbi jipya la vifuko vya mayai, siku 7 baadaye prostaglandini ya kukisinyaza kile kivimbe cha manjano, siku 2 baada ya hapo homoni ya kulitoa yai. Ng'ombe anahimilishwa saa iliyopangwa, kaonekana joto au hakuonekana. Ratiba hiyo isingefikirika bila wale waliotangulia kukaa na mashine za ultrasaundi miaka ya 1980, wakifuatilia vifuko vya mayai siku hadi siku na kuthibitisha kwamba hukua kwa mawimbi, mawili au matatu katika kila mzunguko. Naiheshimu sana kazi hiyo. Hata hivyo nimeona ratiba hizi zikitumika kufunika njaa. Ng'ombe aliyekonda mno baada ya kuzaa, mwili wake ukila akiba yake ili utoe maziwa, hatashika kwa sababu umempangia saa. Kumpima hali ya mwili kwa jicho na mkono, kwa alama ya 1 hadi 5, hakuhitaji umeme, na bado naona ndicho kipimo tunachokipuuza kuliko vyote.

Sasa nije kwenye jambo litakalokutesa kuliko harufu na usiku. Matokeo yetu ni ya ndiyo au hapana: ana mimba au hana. Anayepima maziwa anapata lita na sehemu za lita, kila mnyama anampa habari nyingi. Sisi kila mnyama anatupa neno moja. Tuseme una dawa unayoamini inapandisha mimba kutoka 40 hadi 50 kwa 100, ongezeko ambalo mfugaji yeyote angelishangilia. Ili uweze kulionyesha kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu, unahitaji ng'ombe wapatao 390 katika kila kundi, yaani karibu 800 kwa jumla. Ukitumia 20 na 20, kundi moja likapata 8 na jingine 10, hujajifunza lolote. Kesho inaweza kugeuka. Fani yetu ina makala nyingi za 20 na 20. Mimi pia nilichapisha moja ya aina hiyo ujanani, nikaitetea kwa ukali, na niliporudia kwa wanyama wengi zaidi matokeo yakayeyuka. Soma takwimu mapema, mwanangu, kabla hazijakusoma wewe.

Halafu kuna kuchelewa kwa dalili. Mbegu ya fahali huchukua siku 61 kutengenezwa, na siku nyingine kama 10 kusafiri na kukomaa kabla ya kutoka. Fahali akipata homa kali leo, mbegu zake mbovu utaziona baada ya wiki kadhaa, wakati kila mtu ameshasahau homa. Yai nalo linakua kwa miezi, kwa hiyo joto kali la msimu mmoja linaendelea kupunguza mimba hata hali ya hewa ikishapoa. Mtafiti anayetafuta sababu katika wiki ile ile ya tatizo anatafuta mahali pasipo. Hapo daftari la miezi mitatu nyuma lina thamani kuliko mashine ya leo.

Ulitaja vinasaba. Nitakupa kisa kimoja, kwa sababu kinaonyesha jinsi maabara na zizi vinavyokutana. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani fahali wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walitoa maziwa kwa wingi, basi mbegu zake zikatumika kila mahali: mabinti 16,000, wajukuu wa kike 500,000, vitukuu zaidi ya milioni 2. Alikuwa amebeba kasoro moja ya kinasaba. Mnyama aliyeirithi kutoka upande mmoja haonyeshi dalili yoyote, lakini kiinitete kinachoipata kutoka pande zote mbili hufa tumboni. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejua, maana mimba zile ziliingia kwenye lile lile fungu la "hakushika" au "ametupa".

Kilichofichua ni nini? Mwaka 2011 VanRaden na wenzake wa idara ya kilimo ya Marekani walipitia vinasaba vya maelfu ya ng'ombe walio hai, wakatafuta vipande ambavyo kwa hesabu vilipaswa kuonekana vikiwa maradufu, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, lakini havikuonekana hivyo hata kwa mnyama mmoja. Waliwahesabu wasiokuwepo. Ilikuwa kama kuingia darasani ukaona viti vitupu, na kwa mpangilio wa viti ukajua ni watoto wa nyumba ipi hawakufika. Baadaye, mwaka 2016, watafiti walikadiria kwamba kasoro ya Chief peke yake ilisababisha mimba 525,000 hivi kupotea duniani. Siku hizi fahali hupimwa kabla mbegu zake hazijasambazwa. Angalia kwamba vipimo hivyo vya kisasa visingekuwa na maana bila rekodi za uzazi ambazo watu wasiojulikana waliziandika mashambani kwa miaka, tena palepale, si Ijumaa.

Bahati nayo ina nafasi yake, ingawa haimkuti mtu aliyelala. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes huko London walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari, na walikuwa wameshindwa mara nyingi. Siku moja chupa moja ikafanya kazi, mbegu zikaamka zikiogelea. Wakatengeneza sukari mpya, ikashindwa. Wangeweza kusema yale ya awali yalikuwa makosa wakaendelea na mengine. Badala yake walilitunza lile tone lililobaki chupani wakalipeleka kuchunguzwa, ikaonekana kibandiko kilikuwa kimekosewa: ndani mlikuwa na gliseroli. Kwa kosa hilo leo mbegu za fahali zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na fahali aliyekufa zamani anaendelea kuzaa. Mwanafunzi anayetupa chupa iliyotoa matokeo ya ajabu simtaki maabara kwangu.

Kuhusu njia ya kufuata, nitakwenda haraka kwa kuwa ngazi zenyewe unazijua: shahada ya uzamili, ya uzamivu, kisha miaka miwili mitatu chini ya mtu mwingine kabla hujapewa chumba chako. Ukiwa daktari wa mifugo au mtaalamu wa sayansi ya wanyama, milango yote miwili inafunguka. Pesa za utafiti hufuata mitindo. Zamani zilifuata homoni, leo zinafuata vinasaba, kesho zitafuata kitu kingine. Usibadilishe swali lako kila zinapohama, badilisha kifaa tu. Jifunze kuingiza mkono na kutambua ovari bila mashine, hata kama utaishia kwenye kompyuta, kwa sababu siku kompyuta itakapokupa jibu la kipuuzi mkono wako ndio utakaokataa. Kaa na wahimilishaji. Anayehimilisha kila siku kwa miaka anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na hukwambia ukimheshimu.

Unapotafuta msimamizi usimwulize kwanza ana makala ngapi. Mwulize jaribio lake linalofuata litakuwa na wanyama wangapi, na nani anaandika joto. Akijibu la pili kwa jina la mtu na akaeleza jinsi mtu huyo anavyofanya kazi, nenda kwake. Akikwambia "shamba linashughulikia hilo", tafuta mwingine.

Na mwezi huu, kabla ya barua yoyote, omba ruhusa kwenye banda lolote lenye ng'ombe wasiofungwa. Nenda saa kumi na moja alfajiri, kabla hawajalishwa, ukae kimya nusu saa. Usimhesabu anayepanda, mhesabu anayesimama akubali kupandwa, uandike namba yake na saa. Rudi jioni. Fanya hivyo siku 21 mfululizo, kisha uniandikie ni wangapi ulitegemea kuwaona na hukuwaona.